Ukuta wa kukinga mawimbi: maji kujaa na kupwa hufanya nini, dhoruba hufanya nini, na sisi wa Ziwa Kivu tuchukue lipi?

Mwenye Boti (Goma)

Salaam kwenu ndugu zangu, hasa wahandisi na mafundi mlio humu.

Sisi ni ushirika mdogo wa wenye boti na mitumbwi ya injini tunaopakua mizigo kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu: mihogo, ndizi, mananasi na makaa yanayotoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Mahali petu pa kufungia boti pako wazi upande wa kusini, kwa hiyo upepo wa mvua ukianza, mawimbi yanaingia bila kuzuiwa na chochote, boti zinagongana ubavu kwa ubavu, na mama zetu wanaofuata mizigo wanalazimika kushuka majini hadi kiunoni. Tumekubaliana kuchanga pesa ili tujenge ukuta wa mawe wa kuyakinga mawimbi hayo.

Tulikwisha kujengewa ukuta mmoja. Mkandarasi alisimamisha ukuta wima wa mawe ya lava yaliyoungwa kwa saruji, mzuri wa kutazama, akalipwa, akaondoka. Msimu wa mvua haujaisha, mchanga wa chini yake ulikuwa umeliwa na maji, ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini, na kipande cha mbele kikainama kuelekea ziwani. Ziwa likitulia, ukipita karibu kwa mtumbwi unaona pango chini ya ukuta, na ukitia mkono unaingia hadi begani bila kugusa jiwe.

Nimejitahidi kusoma kabla ya kuwaomba wenzangu wachange tena. Karibu kila ninachokipata kinahusu bahari, na kinazungumzia sana kujaa na kupwa kwa maji pamoja na dhoruba. Baadhi ya wanachama wanasema ziwa letu halijai wala halipwi, kwa hiyo elimu hiyo haituhusu, tujenge tu ukuta mnene zaidi ya ule wa kwanza. Mimi sijaridhika na jibu hilo. Naomba mtueleze: kujaa na kupwa kunaufanyia nini hasa ukuta wa pwani? Dhoruba inaubomoa kwa njia gani? Na katika hayo yote, yapi yanafika hadi kwetu?

Fundi wa Ruzizi (Bukavu)

Ndugu Mwenye Boti, poleni kwa hasara hiyo, na nakusifu kwa kuuliza kabla ya kumwaga mawe mengine.

Wenzako wamepata nusu ya ukweli. Kujaa na kupwa peke yake hakubomoi ukuta. Maji yanayopanda polepole kwa muda wa saa 6 na dakika chache, kisha yakashuka kwa muda kama huo, hayana nguvu ya kung'oa jiwe kubwa. Kazi yake ni nyingine: yanaamua wimbi la kimo gani litaufikia ukuta, litaupiga mahali gani, na mguu wa ukuta utakuwa umefunikwa na maji kiasi gani saa ile inapopigwa. Dhoruba ndiyo inayopiga, lakini kina cha maji ndicho kinachoipa ruhusa ya kupiga kwa nguvu gani.

Tuchukue mfano wa ufuko ambao kina chake hupungua polepole. Wimbi likiingia kwenye maji haba huvunjika lenyewe pale kimo chake kinapokaribia sehemu 8 kwa 10 za kina; wahandisi wengi hutumia 0.78. Ikiwa mbele ya ukuta kuna mita 2 za maji wakati wa kupwa, wimbi kubwa kabisa linaloweza kuufikia ni la mita 1.56 hivi, hata kama huko nje bahari imechafuka vibaya. Maji yakijaa mita 3 juu ya hapo, kina kinakuwa mita 5, na wimbi la karibu mita 3.9 linapita na kuufikia ukuta likiwa zima. Kimo kimeongezeka mara 2 na nusu. Ila uzito wa jiwe linaloweza kulihimili wimbi haufuati kimo, unafuata kimo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Hiyo ndiyo kanuni iliyopewa jina la Robert Hudson, aliyefanya majaribio yake katika maabara ya wahandisi wa jeshi la Marekani huko Vicksburg, na inatumika tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo ukuta uleule, katika dhoruba ileile, unahitaji jiwe lenye uzito wa zaidi ya mara 15 kwa sababu tu maji yalikuwa yamejaa. Ndiyo maana msanifu wa pwani haulizi tu dhoruba ina ukali gani. Anauliza pia itafika saa ngapi.

Kuhusu namna dhoruba inavyoubomoa ukuta, watu wengi hufikiri kwamba wimbi huyasukuma mawe kuelekea ndani. Hilo hutokea, lakini madhara mengi huja wimbi linaporudi. Maji yaliyoingia katikati ya mawe yanabaki juu kwa muda mfupi wakati maji ya nje yamekwisha kushuka, na tofauti hiyo inayasukuma mawe ya nje kutoka ndani ya ukuta. Jiwe linainuka kidogo, linatikisika, na mawimbi mengine kadhaa baadaye linabiringika hadi chini. Ukuta wenye tumbo la mawe matupu, ambao maji yanaingia na kutoka, unavumilia kuliko ukuta uliojazwa udongo au kuzibwa kwa saruji. Mholanzi J. W. van der Meer alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1988, na akaongeza jambo ambalo kanuni ya Hudson haina: muda. Madhara yanaongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya mawimbi, yaani dhoruba ikidumu mara 4, madhara yanakuwa mara 2.

Kisha kuna mguu. Ukuta wima unalirudisha wimbi lilikotoka, wimbi linalorudi linakutana na linalokuja, na mbele ya ukuta kimo cha maji kinakaribia mara 2 ya wimbi lenyewe. Maji ya chini yanakwenda mbele na nyuma kwa kasi, yanachukua mchanga, na ukuta unaanza kuning'inia. Pango ulilolitia mkono ndilo hilo. Unene wa ukuta haukuwa tatizo lenu, na ukuta mnene zaidi juu ya mchanga uleule utaanguka kwa sababu ileile, pengine kwa haraka zaidi kwa kuwa ni mzito.

Uzito mkubwa si kinga ya kila kitu, na historia ya kazi hii inaonyesha hivyo kwa uchungu. Huko Wick, kaskazini mwa Scotland, dhoruba ya Desemba 1872 ilikihamisha kichwa cha ukuta uliosanifiwa na Thomas Stevenson, pande moja lenye uzito wa zaidi ya tani 1,300. Wakaweka jingine la tani 2,600, na mwaka 1877 nalo likahamishwa. Karne moja baadaye, Februari 1978, ukuta mkuu wa bandari ya Sines nchini Ureno, uliovikwa mabloku ya zege ya tani 42 kila moja, ulipoteza sehemu kubwa ya vazi lake ukiwa bado haujakamilika. Mabloku yale yalikuwa na mikono myembamba isiyo na vyuma ndani. Yalipotikisika yalivunjika, na yalipovunjika hayakuwa tena tani 42.

Nije kwetu. Ziwa Kivu halina kujaa na kupwa kunakostahili kupimwa kwa kazi hii. Hata Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo ni makubwa mara nyingi kuliko letu, mwezi na jua vinayapandisha kwa chini ya sentimita 5. Lakini dhoruba tunazo. Kutoka ncha ya kaskazini ya Idjwi hadi Goma kuna kilomita zaidi ya 20 za maji wazi. Upepo wa mita 15 kwa sekunde ukivuma mfululizo juu ya umbali huo kwa saa 2 na zaidi, kanuni za kawaida zinatoa wimbi la karibu mita 1 na nusu, lenye sekunde 4 au 5 kati ya kilele na kilele. Dhoruba zetu nyingi za radi hazidumu hivyo, kwa hiyo mara nyingi mtaona wimbi la mita 1 au chini yake. Msidharau wimbi fupi: saa 1 ya mawimbi ya sekunde 4 ni mapigo 900, na kwa kuwa maji hayapandi wala kushuka katika saa hiyo, mapigo yote 900 yanaangukia ukanda uleule wa ukuta.

Binti Kilindini (Goma)

Kaka Mwenye Boti, mimi nimekulia Mombasa na nimeolewa huku Goma, na kazi yangu ya zamani ilikuwa karibu na wazamiaji wanaokagua gati na kuta za pwani. Nayakubali maneno ya Fundi, na ningependa kuongeza upande ambao watu wa bara hawauoni kwa urahisi.

Kwetu Mombasa, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Kati ya nyakati hizo mbili huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Mtu wa pwani anajua kwamba upepo mkali unaofika siku za maji mafu ni jambo moja, na upepo uleule ukifika saa ya kujaa kwa bamvua ni jambo jingine kabisa, kwa sababu saa hiyo mwamba wa matumbawe unaotukinga umezama na mawimbi yanapita juu yake bila kuvunjika.

Dhoruba yenyewe pia huinua bahari. Mgandamizo wa hewa ukipungua kwa milibari 1, maji hupanda karibu sentimita 1, na upepo unaoyasukuma maji kuelekea pwani yenye kina kidogo huongeza zaidi ya hapo, wakati mwingine mita kadhaa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilikutana na bamvua, kuta za udongo za Uholanzi zikapitwa juu na kubomoka, na watu 1,836 wakafa nchini humo. Tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilifika New York maji yakiwa yamejaa na mwezi ukiwa mpevu, na madhara yake yalipita kiasi ambacho upepo peke yake ungefanya.

Lakini nisingependa mwone kujaa na kupwa kama adui tu. Kwa saa zile za kubadilika, dhoruba haikai mahali pamoja: inapiga chini, inapanda kati, inapiga juu, kisha inarudi, na hakuna jiwe linalobeba mapigo yote peke yake. Ubaya ni kwamba wakati wa kupwa mguu wa ukuta hufunikwa na maji machache, na mawimbi huvunjikia juu yake. Mawe ya mguu yakiondoka, vazi lote la juu huteleza kulifuata pengo hilo. Wema ni kwamba saa ya kupwa kwa bamvua unaweza kushuka kwa miguu, ukatembea mbele ya ukuta, ukaona kwa macho kila jiwe lililohama na kila mahali mchanga umechimbika. Mafundi wa matengenezo hupanga kalenda yao kwa mwezi.

Ninyi hapa hamna saa hiyo. Mguu wa ukuta wenu hautaonekana hata siku moja, na ndiyo sababu pango lile halikujulikana hadi ukuta ulipopasuka. Wekeni tangu mwanzo alama za rangi kwenye mawe ya juu, muwe na kijana anayejua kuzamia, na baada ya kila upepo mkubwa azamie na kuupapasa mguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiende peke yake, na boti zote zizime injini akiwa chini.

Mwenye Boti (Goma)

Ahsanteni sana, Fundi na dada yetu. Nimewasomea wenzangu sehemu ya mguu na ile ya mawimbi kurudi, na mjadala wa ukuta mnene umetulia.

Sasa limezuka jambo la mawe. Hapa Goma lava iko kila mahali. Kuna mwanachama ambaye ana kiwanja chenye mawe ya mlipuko wa 2002 na yuko tayari kutupatia bure. Mengi ni yale yenye vitundu vingi, mepesi kuyabeba. Wengine wanasema tununue yale meusi yaliyoshikana, ambayo ni ghali kwa sababu kuyavunja na kuyasafirisha ni kazi. Je, ikiwa jiwe ni la ukubwa uleule, tofauti hiyo ina uzito kweli, au ni gharama tu?

Mwanapoli (Lubumbashi)

Yaya Mwenye Boti, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana nchi kavu, na naomba nikuonyeshe kwa hesabu, kwa sababu ndiyo sehemu ya kanuni ya Hudson ambayo watu huiruka.

Jiwe likiwa majini linapoteza uzito sawa na uzito wa maji linayoyaondoa. Kinachopigana na wimbi ni uzito uliobaki tu, na katika kanuni uzito huo uliobaki umezidishwa kwa wenyewe mara tatu, kama vile kimo cha wimbi. Kwa hiyo upungufu mdogo wa ushikamano wa jiwe unakuwa upungufu mkubwa wa uthabiti wake.

Mnaweza kulipima hapohapo ufukweni kwa mizani ya kuning'iniza ambayo wafanyabiashara wa samaki na maharage wanayo. Lowekeni jiwe usiku mzima ili vitundu vijae maji. Asubuhi lifungeni kamba, lipimeni hewani, kisha lipimeni likiwa limezama lote majini bila kugusa chini. Tuseme jiwe lenye vitundu limeonyesha kilo 24 hewani na kilo 13 majini: limepoteza kilo 11, yaani ujazo wake ni lita 11, na 24 ukigawanya kwa 11 unapata 2.18, yaani jiwe ni zito mara 2.18 kuliko maji ya ujazo huohuo. Jiwe lililoshikana likionyesha kilo 28 hewani na kilo 18 majini, limepoteza 10, na jibu ni 2.8. Namba hizo mbili ndizo zinazoingia katika kanuni.

Chukua wimbi la mita 1, mteremko wa ukuta wa mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda, na kigezo cha 2 kinachotumika kwa mawe yenye kona mahali wimbi linapovunjikia juu ya ukuta. Kwa jiwe la 2.8 unahitaji mawe ya kilo 120 hivi kila moja. Kwa jiwe la 2.18 unahitaji kilo 330 hivi. Wimbi likiwa la mita 1 na nusu, la kwanza linakuwa karibu kilo 405 na la pili linapita kilo 1,100. Jiwe la kilo 120 la aina ngumu lina upana wa sentimita 35 hivi kila upande, na watu 4 wenye mti na kamba wanalisogeza. Jiwe la kilo 330 la aina nyepesi linapita nusu mita kila upande, na hapo mnahitaji mashine. Yale ya bure yanaweza kuwa ghali kuliko yale ya kununua.

Sikatazi mawe ya kiwanja kile. Yatumieni tumboni mwa ukuta, ambako hayapigwi moja kwa moja, mradi yawe makubwa kiasi cha kutopenya katikati ya mawe ya tabaka linaloyafunika. Desturi inayofuatwa na wengi ni kwamba tabaka la chini ya vazi liwe na mawe ya karibu sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa mawe ya vazi. Mkiruka tabaka hilo na kumwaga kokoto moja kwa moja chini ya mawe makubwa, kila wimbi linalorudi litazivuta kokoto nje kidogo kidogo, na ukuta utadidimia juu ingawa vazi lake linaonekana zima.

Na vazi lenyewe lisiungwe kwa saruji. Mawe yaliyo huru yanahama kidogo na kujipanga upya mguu ukishuka, wakati ukuta ulioungwa unabaki wima juu ya utupu hadi siku ya kupasuka.

Mkaaji wa Zamani wa Kalemie (Lubumbashi)

Wanangu, nimefuatilia kwa makini na ninakubaliana na hesabu. Nataka tu kuongeza jambo moja kuhusu wale wanachama wanaosema kwamba ziwa halijai wala halipwi. Ziwa linajaa na kupwa, ila kwa miezi na miaka badala ya saa.

Nimeishi Kalemie kwa muda mrefu, kwenye Ziwa Tanganyika. Upepo wa kiangazi wa kusini-mashariki unalifuata ziwa kwa urefu wake wa zaidi ya kilomita 600, na mawimbi yanayofika ni ya kuogopwa. Hata hivyo kilichowatesa watu wa huko katika miaka ya karibuni ni maji kupanda na kukaa. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda hadi likaingia mitaani Kalemie, Uvira na Bujumbura, na halikushuka kesho yake kama bahari inavyoshuka. Ukuta uliojengwa kwa kufuata maji ya mwaka wa kiangazi kikali unapitwa juu na kila wimbi katika mwaka wa maji mengi, na maji yanayoruka yanaangukia mgongo na upande wa ndani, ambako fundi aliweka mawe madogo akijua hakuna wimbi. Nimeona ukuta ukianza kubomoka kwa upande wa nyuma, vazi la mbele likiwa bado halijaguswa.

Kivu lenu halibadiliki kwa kiasi hicho, kwa sababu mto Ruzizi unalitoa maji na bwawa la pale Bukavu linasaidia kuyapima. Lakini linapanda baada ya mvua na kushuka kiangazini, na wazee wa ufuko wenu wanajua alama ya juu kabisa iko wapi kwenye mwamba. Nendeni mkawaulize, mpige rangi alama hiyo, na kimo cha ukuta kihesabiwe kutoka hapo, si kutoka maji ya siku mnayoanza kazi. Upande wa ndani, mawe ya juu yawe ya uzito uleule wa nje.

Fundi wa Ruzizi (Bukavu)

Namshukuru mzee wetu, amegusa jambo lililonipita. Nimalizie na swali ambalo litaamua kila kitu, nalo ni kina cha maji yenu.

Ufuko wa Goma una sehemu ambazo lava iliingia ziwani na kuacha ukingo mkali, ambako hatua chache kutoka nchi kavu kamba haifiki chini. Mahali kama hapo wimbi halivunjiki kabla ya kufika, na mawe hayana pa kukaa: mguu ukiwekwa kwenye mteremko mkali chini ya maji, tetemeko dogo linatosha kuuteremsha wote, na matetemeko hatuyakosi. Ziko pia sehemu za mchanga ambapo kina kinaongezeka polepole. Gharama zinatofautiana mno. Ukuta wenye mgongo wa mita 3, unaotokeza mita 1 na nusu juu ya maji, na wenye mteremko ule wa 2 kwa 1 pande zote mbili, unakula mita za ujazo 54 kwa kila mita ya urefu ukijengwa penye kina cha mita 3. Penye kina cha mita 6 unakula 135.

Chukueni kamba yenye uzito mwishoni, ifungeni mafundo kila nusu mita, na mpime kutoka ufukweni kwenda nje kwa mistari kadhaa, mkiandika pia chini kuna mchanga, matope au mwamba. Kama mstari unaoutaka ukuta hauzidi mita 3 na chini ni mwamba au mchanga mgumu, endeleeni na mawe: laza kwanza zulia la mawe madogo kwenye mchanga, panua mguu mbele ya ukuta kwa mita 2 au zaidi kwa mawe makubwa, ndipo mpande. Mkichimba mguu kwenye ardhi ya ufukweni, chunguzeni kwanza kama mahali hapo pana mazuku, yaani hewa ya sumu inayotoka ardhini, kwa maana hewa ile nzito hulala kwenye mashimo na mtu hupoteza fahamu kabla hajaijua.

Kama kina kinazidi mita 5 au 6, au chini kunateremka ghafula, acheni mawe. Kwa mawimbi mafupi kama yetu, yasiyofika sekunde 4 siku nyingi, msururu wa maboya mapana au majahazi ya chuma yaliyofungwa pamoja na kushikwa kwa nanga nzito pande zote mbili hupunguza sehemu kubwa ya wimbi, na hupanda na kushuka pamoja na ziwa bila kuhitaji mguu. Katika bahari ya wazi kifaa hicho hakifai kitu, kwa sababu wimbi la sekunde 14 lina urefu wa mita 300 na linakipitia chini kana kwamba hakipo. Wimbi la sekunde 4 lina mita 25 tu. Wimbi la sekunde 5 la upepo mkubwa litapenya kwa sehemu, na siku hiyo boti itabidi zivutwe nchi kavu. Leteni vipimo vya kamba hapa, pamoja na alama ya wazee, nami nitawachorea sura ya ukuta au ya maboya kulingana na namba hizo.